Hodi ya Tatu

Temple Hills, Marekani, 6 Desemba 1998

Daftari hili kanipa mwanangu Safa. Kanikuta nazungumza na friji. "Mama," kasema, "bora uandike kuliko kusemezana na vyombo." Haya, naandika. Shule sikuiona hata mlango wake. Herufi nilizipokea ukubwani, kisomoni Pangani, mtoto mgongoni na mwingine ananivuta kanga, ndiyo maana zangu zimelala upande kama wagonjwa. Anayecheka acheke.

Nakaa kwa Bi Odri. Mjane, Mmarekani mweusi, kanizidi umri kwa mbali na ulimi kwa kidogo tu. Kazi yangu ni kumwogesha, kumpikia, kumpa vidonge vyake na kugombana naye. Hiyo ya mwisho naifanya kwa mapenzi.

Chumbani kwake siingii bila hodi. Mwanzo aliniuliza ni kelele gani hizo. Nikamweleza: kwetu nyumba ya mtu ni kama nguo aliyovaa, huifunui tu. Unapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukikaribishwa unaingia. Ya tatu usipojibiwa, unageuka unakwenda zako, na kinyongo huweki. Kalipenda jambo hilo. Sasa nikibisha ananijibu "Karibuuu!" kama paka aliyekanyagwa mkia. Kiswahili chake ni neno hilo moja na Kiingereza changu ni cha kuokotaokota, lakini tunaelewana kuliko mtu na mawifi zake.

13 Desemba

Mvua nyembamba, haijui kunyesha ikaisha. Bi Odri kaunguza mkate ukawa kaa, kaniambia ndivyo anavyoupenda.

20 Desemba

Leo mfungo umeingia. Na leo kaja Kelvin, mwanawe wa pekee, anayekaa mji wa Columbia. Huingia kwa ufunguo wake, hodi hana. Lakini leo nimemsamehe, maana kaja na zawadi: safari ya Thailand, ya kundi, kuzunguka vijiji vya milimani kaskazini. Marehemu mume wa Bi Odri, Leroi, aliwahi kukaa kule ujanani, fundi wa ndege za jeshi, na maisha yake yote akimwahidi mkewe: nitakupeleka ukaone ile milima. Akafa na ahadi mdomoni.

"Nenda, Mama," Kelvin kasema. "Nenda na Mwatime. Wiki mbili. Mimi nitaangalia nyumba."

Bi Odri kalia, na yeye si mtu wa kulia. Mimi nikasema moyoni, mtoto huyu ana radhi. Nikamtilia chakula mara mbili, mimi mwenyewe nimefunga.

15 Januari 1999

Barafu. Si theluji, barafu yenyewe, miti imevikwa vioo na inavunjika. Umeme umekatika tangu asubuhi. Bi Odri kawasha jiko la gesi apashe chai, kaliacha, kaenda kulala. Mimi nilikuwa nje namwaga chumvi kwenye ngazi. Niliporudi taulo linawaka na ukuta umekuwa mweusi. Moto nimeuzima kwa sufuria ya maharage niliyoloweka.

Kelvin kaja mchana. Nilijua atafoka. Hakufoka. Kasimama mbele ya ule ukuta muda mrefu, kisha katoa futi mfukoni, kaipima piano, na mlango wa mbele. Nilidhani anataka kuishonea piano shuka. Mpole mno leo.

19 Januari

Idi. Nimekula kwa Safa, Bladensburg. Kaja pia Spéciose, Mrundi, ndiye anayenishikia zamu kwa Bi Odri siku moja moja. Mkristo wa kanisani hasa, lakini kwenye pilau yangu anakuwa Mwislamu kabisa. Mjukuu wangu Layla nikamwambia abusu mkono wa wageni. "Bibi, nobody does that here," kanijibu. Nikamwambia mimi ndiye nobody, njoo ubusu.

2 Februari

Uwanja wa ndege. Kelvin kamkumbatia mama yake mpaka watu wakawazunguka kwa pembeni. Bi Odri kasema, "Niachie, utanivunja mbavu, nitakufia hapa upate hasara." Kelvin hakucheka. Nikasema, mapenzi.

4 Februari, Chiang Mai, Thailand

Joto! Mifupa yangu imenisamehe.

7 Februari

Sasa mimi mtalii. Kwetu Pangani mtalii ni mtu wa kaptura anayepiga picha punda. Zamani mmoja aliingia uani kwangu, mimi nasuka nywele na kanga kifuani, akanipiga picha akaniambia asante. Hiyo picha mpaka leo sijui inaning'inia ukuta wa nani.

Leo nimekuwa yeye. Kundi letu wastaafu watupu, na kiongozi wetu binti wa Kithai, Pensri, sauti yake ndogo na mwavuli wake mwekundu juu tusipotee. Gari limepanda mlima mpaka masikio yakaziba. Kijiji cha Wakaren, kabila la huko milimani: nyumba za mianzi zimesimama kwa miguu, nguruwe chini, moshi unapenya kwenye makuti. Watu wetu wakapanda ngazi za watu kama wanapanda za kwao. Mzee mmoja wa kundi kafunua chungu cha mtu aone kinapikwa nini. Chungu cha mtu! Mwenye nyumba kasimama pembeni anatabasamu, na tabasamu lile nalijua, nimelivaa mwenyewe.

Mimi nikabaki chini ya ngazi ya nyumba ya mwisho, Bi Odri nimemshika mkono. Nikaita, "Hodi!"

"Hawajui hilo neno, mwendawazimu wewe," Bi Odri kaniambia.

"Adabu watu wote wanaijua." Nikaita ya pili. Kikachungulia kichwa cha bibi mmoja, meno mekundu kwa tambuu kama marehemu nyanya yangu. Katutazama, kaangalia viatu vyetu tulivyovivua, kacheka, kaita kwa mkono, kiganja chini, kama kwetu. Na Bi Odri, kabla hajaweka mguu ngazini, kamjibia mwenye nyumba kwa sauti: "Karibuuu!"

Tumekaa na bibi yule mpaka gari likapiga honi. Anafuma nguo kakaa chini, kitambaa kimefungwa kiunoni mwake, na yeye mwenyewe ndiye anayekivuta kwa mgongo. Hatukuelewana hata neno. Nilimmenyea vitunguu. Pensri kasema baada ya siku tatu tutapita tena njia hii tukishuka.

8 Februari

Vumbi. Bi Odri kalala vizuri, kala wali wa kunata kwa mkono, namfundisha kutumia vidole vitatu. Tangu nimjue sijamwona na uso huu.

9 Februari

Nimenunua kadi ya simu nikampigia Safa.

"Shikamoo Mama. Umekaa?"

"Marahaba. Nikae kwani nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Spéciose yuko hapa, ngoja aseme mwenyewe."

Spéciose akashika simu analia. "Mama Mwatime, nyumba ya Bi Odri banatosha vitu yote inje. Piano imetoka na camion, lori kubwa. Kitanda, masahani, manguo. Mi baliniita nikuje kusafisha plancher, ile sakafu. Kusafisha, nakuta nyumba iko mutupu, mama, sauti yangu inarudi!"

"Nani katoa?"

"Mutoto yake. Kelvin. Anauzisha nyumba. Bi Odri banamutafutia chumba kwa home ya wazee, kule Columbia. Anasema ni juu ya ule moto. Valise yako ya manguo iko hapa kwa Safa, usisumbuke."

Usisumbuke! Piano ilipimwa mbele yangu. Na huyo nilimtilia chakula mara mbili.

Safa karudi kwenye simu. "Mama, usimwambie. Si yako hiyo, na yule mtu yuko njiani."

Nikasema, najua. Hilo mtu wa kwetu hahitaji kufundishwa. Msafiri hapewi msiba njiani. Anaambiwa mgonjwa hajambo kidogo, mpaka afike kwake, akae, anywe maji, ashikwe mikono na wanawake wawili, ndipo asikie. Mume wangu alipofariki Tanga mimi nilikuwa Mombasa. Wakanipigia: njoo, mzee ana homa. Njiani nikamnunulia machungwa, nikachagua moja moja, yeye kashazikwa jana yake. Nilipofika nikaambiwa, na sikumlaumu mtu. Walinipa siku moja zaidi ya kuwa mke wa mtu. Ndivyo nilivyoelewa siku zote.

Basi nitamficha mpaka afike nyumbani. Nimerudi chumbani. "Wa kwetu hawajambo?" kaniuliza. Nikamjibu hawajambo.

10 Februari

Tumeshuka njia ile ile. Bi Odri kawahi kuliko wote, fimbo mkononi, mpaka chini ya ngazi ya bibi mfumaji. Kapiga hodi mwenyewe, safari hii sikumtangulia.

Kile kitambaa alichokuwa anafuma kimekwisha: chekundu kama hina iliyoiva, mistari myeupe, na mbegu ndogo za porini zimeshonewa kama shanga. Bi Odri kakishika, kakiweka shavuni.

"Hiki ni cha dirisha la jikoni," kasema. "Ukuta ule nilioutia weusi Kelvin ataupaka rangi. Nitakitundika hapo, jua la asubuhi lipite ndani yake. Mwatime, dirisha letu upana wake gani?"

Nikajidai nahesabu zile mbegu.

"Wewe ndiye unaliosha kila Ijumaa! Pima!"

Nikanyoosha mikono. Wallahi nilinyoosha mikono yangu hewani nikampimia dirisha ambalo najua si lake tena. Bibi mfumaji akaja akaweka kitambaa juu ya mikono yangu, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, kikatosha sawasawa. Wakapiga makofi wote wawili. Bibi yule kanitazama usoni, kicheko kikamwisha. Hana lugha yangu wala mimi yake, lakini aliona. Kanishika kiwiko, kaniuliza kitu kwa sauti ya chini. Sijui kaniuliza nini, na bado sijamjibu.

Watu wetu waliingia nyumba ile wakapiga picha. Niliwaangalia nikamwona Spéciose na ufagio wake, na wanaume wa lori wanapanda na kushuka ngazi za Temple Hills na viatu vyao, wanafunua vyungu.

11 Februari

Sijasema.

12 Februari

Sijasema. Wakulima wanachoma mashamba, moshi umefunika milima, jua limekuwa kama yai. Ile milima ya Leroi haionekani tena. Pensri kaomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyewasha.

14 Februari

Leo kwenye gari Bi Odri kapanga mwaka wake wote. Mwezi wa nne atapanda sukuma wiki nyuma ya gereji. Mwezi wa tano atamwita fundi wa piano, maana noti moja imekufa. Mimi atanipa kile chumba chenye jua, yeye ahamie changu, kisa ngazi. "Tutazeeka vizuri, wewe na mimi," kasema. "Wewe utazeeka, mimi nishamaliza."

Nikamwita, "Bi Odri."

"Nini?"

Akanigeukia na ule uso. Nikamwambia funga dirisha, moshi unaingia.

Nimejiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza: yale machungwa yalikwenda wapi? Nakumbuka sasa. Niliyakuta siku ya tatu ya matanga chini ya kitanda, bado kwenye kikapu. Tangu siku ile chungwa silili. Nilikuwa nikisema ni asidi ya tumbo.

17 Februari

Ndege imetua Dulles jioni. Kelvin kaja na maua. Hakuniangalia.

Tumeingia garini. Bi Odri kakaa mbele, kitambaa kakiweka mapajani, anamsimulia mwanawe bibi mwenye meno mekundu. Tumekwenda, tumekwenda. Likaja daraja la mto. Akanyamaza, akatazama nje.

"Kelvin, daraja letu si hili."

"Najua, Mama."

"Umepotea. Geuza."

"Sijapotea, Mama."

Na mimi nyuma, nimefungwa mkanda. Tangu tulipopanda ndege nilikuwa nangoja afike kwake, akae, anywe maji, ndiyo nimwambie. Pale darajani ndipo nilipoelewa ujinga wangu. Kwa mwenye kwake ndiko desturi inakofikia. Huyu nilimfichia njia nzima, na mwisho wa njia hakuna nyumba.

Habari aliisikia barabarani, kutoka kwenye kisogo cha mwanawe anayeendesha. Moto, Mama. Umeanguka bafuni mara ngapi, Mama. Nilitaka usione vitu vinavyotoka, Mama. Hakupiga kelele. Kaomba gari lisimame, lakini kule magari hayasimami.

21 Februari

Jumapili nimekwenda Columbia. Jengo safi, linanuka limau na mkojo. Chumba chake kimoja, dirisha moja dogo, halifunguki. Nikapiga hodi. Kajibu kwa Kiingereza niingie. Hilo pekee lilinitosha kujua.

"Ulijua?" kaniuliza.

Mimi sina mdomo wa kupaka asali. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kitambaa."

Alikikunja kile kitambaa mapajani, akakikunjua. Kisha kasema polepole nielewe vizuri. "Kelvin ni mwoga tangu mtoto, nilimzaa namjua. Wewe ulinipimia dirisha."

Nikamweleza desturi yetu, msafiri na msiba. Nikamweleza mpaka machungwa. Kasikiliza yote, maana mtu wa adabu yule.

"Kwa hiyo ulipewa siku moja zaidi," kasema. "Ulifurahi nayo?"

Nikaanza kumnyooshea shuka.

"Mimi nilikuwa na siku zote zile za kumpigia simu mwanangu. Za kusema hapana. Ungeniambia ningekaa kwenye ngazi ya yule mama nikatae kushuka. Ungeona! Wangekuja kunibeba na helikopta." Akakikusanya kitambaa kiganjani. "Siku zile zilikuwa zangu, Mwatime. Uliingia ukazichukua na hukubisha hodi."

Akanirushia kitambaa. Nikakiokota nikatoka.

28 Februari

Nimekwenda. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya, na televisheni naisikia inasema. Nikageuka. Desturi ni desturi.

Safa kanitafutia kazi nyingine, bwana mmoja mgonjwa Bladensburg. Nimemwambia bado.

7 Machi

Hodi tatu, kimya.

Nje nimemkuta Kelvin garini, injini imezimwa, kajikunyata. Kateremsha kioo. Naye hapokelewi. Nilikuwa nimemwekea maneno tangu Thailand, maneno ya kumvua nguo. Kabla sijaanza kasema, "Nilidhani asipoona, haitamuuma." Kama mtoto kasema. Maneno yangu yakanirudia tumboni, maana hilo lake ndilo langu. Nikampa kitambaa cha kufutia pua, nikamwambia mkeo akupikie, umekonda.

Kisha nikazunguka nyuma ya jengo mpaka kwenye dirisha lake. Nikapanda kwenye tuta la maua, nikanyoosha mikono kwenye kioo, nipime kwa kweli safari hii. Ni dogo. Mkono mmoja na kiwiko. Nilipoinua macho, yuko ndani kakaa kwenye kiti, ananitazama. Alikuwa na kamba ya pazia la plastiki karibu na mkono wake. Hakuivuta. Hakunikaribisha, lakini hakuivuta.

14 Machi

Theluji imerudi, yenye maji, ya kuchokoza watu. Mabasi mawili na miguu, nimefika viatu vinakoroma.

Hodi ya kwanza. Kimya. Kikohozi chake nakijua.

Hodi ya pili. Kitanda kikalia, kama mtu anayekaa vizuri asikilize.

Ya tatu sikuipiga. Ya tatu ukiipiga usijibiwe, adabu inakuondoa, na mimi leo siondoki. Nikavuta kiti cha ukumbini nikakiweka mlangoni, nikatoa kile kitambaa nilichokikata kwa kipimo cha dirisha dogo, nikatia uzi sindanoni. Napinda upindo, polepole, zile mbegu zisidondoke. Daftari liko gotini, nashona kidogo naandika kidogo.

Muuguzi kapita, kaniuliza kama mwenyewe hayupo chumbani au hajasikia.

Nikamwambia kwa sauti, ipenye mlango: yupo, na kasikia. Mimi ndiye sijamaliza kubisha.